Kijembe, mnyonyaji na utani wa msibani: nyimbo tatu za Queen, uanze na upi?

Wengi wanaijua Queen, bendi ya rock ya Uingereza, kwa nyimbo za kupiga makofi uwanjani, na kwa ule mrefu wa karibu dakika sita ambao hata asiyejua Kiingereza huufuatisha. Nyuma ya hizo zimejificha nyimbo ambazo mwimbaji wao, Freddie Mercury, anamcheka mtu, au anajicheka mwenyewe, mahali pasipo na cha kuchekesha. Tatu zinafaa kuwekwa bega kwa bega: "Flick of the Wrist" ya 1974, "Death on Two Legs" ya 1975 na "I'm Going Slightly Mad" ya 1991. Ulinganisho huu ni wa mtu anayetaka kuchagua: asikilize upi kwanza, bendi yake ijaribu upi, na upi asiuweke mbele ya hadhara asiyoijua.

Asiye na subira achukue hili: ukitaka hasira tupu, chagua wa 1975. Ukitaka kucheka halafu moyo ukuume, chagua wa 1991. Ule wa 1974 ni wa aliyekwisha kunogewa; usimpe mgeni.

"Death on Two Legs": kijembe kisichotaja jina

Wimbo huu, ambao jina lake ni "kifo chenye miguu miwili", ndio unaofungua albamu ya A Night at the Opera iliyotoka Novemba 1975. Una dakika 3 na sekunde 43, na karibu zote ni matusi yaliyopangwa kwa ustadi. Mlengwa ni Norman Sheffield, ambaye pamoja na ndugu yake Barry alimiliki studio za Trident huko Soho, London, na aliyekuwa akiisimamia bendi.

Ili kuuelewa mkasa lazima uujue mkataba. Mwaka 1972 Queen walijifunga na Trident kwa mambo yote kwa mpigo: usimamizi, kurekodi na haki za utunzi. Trident iliwapa saa za studio ambazo wateja wa kulipa hawazitumii, mara nyingi usiku wa manane, na ndizo zilizozaa albamu yao ya kwanza. Kwa hiyo msaada ulikuwepo, lakini aliyeshika mpini alikuwa mmoja. Kufikia 1974 nyimbo zao zilikuwa zinapanda chati, na kwa maelezo ya upande wa bendi wao bado walikuwa wakilipwa kwa wiki kama vibarua, mshahara uliopanda hadi pauni 60. Mpiga besi John Deacon, aliyeoa Januari 1975, aliomba pauni 4,000 za kutanguliza kwenye nyumba akakataliwa. Mercury alitaka piano, hakupewa. Roger Taylor naye aliambiwa apunguze nguvu kwenye dramu, maana fimbo zinavunjika na fimbo ni gharama.

Agosti 1975 waliachana. Queen walikubali kulipa pauni 100,000 kujikomboa, na juu yake Trident ikabaki na mrabaha wa asilimia 1 kwenye albamu sita zilizofuata. John Reid, aliyekuwa meneja wa Elton John, akashika usukani. Miezi michache baadaye huyu hapa Mercury, kalamu mkononi.

Msikilizaji wa taarab hahitaji kufundishwa mbinu iliyotumika. Mpiga mipasho hasemi jina. Anapanga maneno, anaacha nafasi, na mwenye jina anajijaza mwenyewe. Jina kamili la wimbo huu lina mabano yanayosema umetunukiwa fulani, kisha nukta tupu pale ambapo fulani angekaa. Mwisho wa beti hakuna jina, hakuna studio, hakuna mtaa. Wahenga waliuliza: pilipili usiyoila yakuwashiani? Sheffield alipousikia aliwashwa, akaishitaki bendi na kampuni ya rekodi kwa kuchafuliwa jina. Shauri lilimalizwa nje ya mahakama, lakini kwa kushitaki alikwisha jijazia zile nukta. Laiti angenyamaza, wengi wangebaki kubahatisha. Alikuja kutoa maelezo ya upande wake katika kitabu cha kumbukumbu zake mwaka 2013, akafariki mwaka uliofuata.

(Kwamba Mercury alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, kusikufanye umtafutie mwalimu wa taarab. Alipelekwa bweni Panchgani, India, angali mtoto, na huko alipiga piano katika bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics. Masikio yake yalikuwa kwenye rock ya Uingereza na Marekani. Ufundi wa kijembe hauna pwani yake peke yake.)

Ucheshi wa wimbo huu uko wapi? Uko kwenye kuzidisha. Mercury hasemi tu kwamba ameibiwa. Anamgeuza mtu kuwa ruba, papa, nyumbu, mzee aliyepitwa na wakati, na kila picha inaongezwa kabla ile ya kwanza haijapoa. Mpiga gitaa Brian May amesema kwamba maneno yalikuwa makali kiasi cha kumtia unyonge kuyaimba. Unaweza kulihisi hilo: waitikiaji wanaimba kwa upatano mzuri kama kwaya huku wakimtukana mtu. Utamu wa sauti na uchungu wa neno vinapogongana, hapo ndipo kicheko kinapotoka.

Mambo mawili ya kuzingatia unaposikiliza toleo la studio. Kwanza, usipange sauti ya redio yako kwa sekunde za mwanzo. Piano inaanza ikiwa mbali, inakuja mbio, magitaa yanajazana juu yake, kelele zinapanda hadi kilele, kisha kila kitu kinakatwa ghafla kama kwa mkasi na piano nyingine inaanza mdundo wenyewe. Aliyeongeza sauti kwa sababu ya mwanzo mdogo ataruka kitini. Pili, usizime unapoisha. Unaofuata bila kupumua ni "Lazing on a Sunday Afternoon", kawimbo ka dakika 1 na sekunde 7 ka bwana mtanashati anayepumzika Jumapili, ambamo sauti ya Mercury ilipitishwa kwenye spika za masikioni zilizowekwa ndani ya chombo cha bati na kunaswa tena ili isikike kama redio ya zamani. Mtu ametoka kumchana mwenzake nyama na sasa anakunywa chai. Mpangilio huo ni sehemu ya mzaha, na anayeusikiliza wimbo mmoja mmoja kwenye simu huukosa kabisa.

Kuna pia toleo la jukwaani kwenye Live Killers, albamu iliyotoka Juni 1979 kutokana na ziara ya Ulaya ya mapema mwaka huohuo. Huko ule mwanzo wa kelele wa studio haupo, kwa sababu haupigiki kwa mikono minane; wanaingia moja kwa moja kwenye piano. Mercury anautambulisha wimbo kwa maneno machafu kiasi kwamba kampuni iliyafunika kwa milio ya "piii", na kusema kweli milio hiyo inachekesha kuliko tusi lenyewe. Huko pia wimbo unaunganishwa na "Killer Queen" na nyingine ndani ya mfululizo mmoja. Toleo hili ni jepesi, la kasi, lenye uhai. Lakini magitaa yaliyopangwa tabaka kwa tabaka studioni yamebaki moja, na waitikiaji hawana ule upatano wa kwaya ya mashetani. Likiwa la pili kulisikia, linafurahisha. Likiwa la kwanza, utajiuliza wimbo una ajabu gani.

Kama unanunua santuri za zamani, utauona pia kwenye sahani ndogo ya nyimbo nne, Queen's First E.P., iliyotoka Mei 1977. Wimbo ni uleule. Unachonunua pale ni sahani, si toleo.

"Flick of the Wrist": mnyonyaji akisema kwa kinywa chake

Mwaka mmoja kabla ya kijembe, bado wakiwa chini ya Trident, Mercury aliandika huu wa dakika 3 na sekunde 19 kwa ajili ya Sheer Heart Attack (Novemba 1974). Mada ni ileile, mtu anayewala wenzake kwa mkataba na tabasamu, ila kamera imesimama upande mwingine. Mara msimulizi anakuonya juu ya huyo mtu, mara huyo mtu mwenyewe anashika maneno na kukuamrisha. Ni kama mchezo wa jukwaani ambamo mwovu amepewa hotuba nzuri kuliko shujaa.

Ndiyo maana unachanganya. Msikilizaji mgeni hajui nani anasema, na Mercury anazidisha fumbo kwa kuimba beti kwa sauti mbili zake mwenyewe, ya juu na ya chini, zikitamka maneno yaleyale. Inasikika kama mtu na kivuli chake.

Jambo la kukumbuka ni kwamba Brian May hakuwepo wimbo ulipojengwa. Aliugua homa ya ini wakati wa ziara ya Marekani mwaka huo, kisha vidonda vya tumbo vikamrudisha hospitali, na wenzake wakaendelea kurekodi wakimwachia nafasi. Aliporudi aliukuta wimbo tayari, akaongeza magitaa na sauti. Kwa hiyo gitaa la humu linajibu, halianzishi.

Ulitoka pia kwenye sahani moja na "Killer Queen", zote zikiwa zimepewa hadhi ya upande wa kwanza. Redio zikauchukua ule wa pili, ukafika nafasi ya 2 Uingereza, na huu ukasahauliwa kwenye sahani ileile iliyouzwa kwa maelfu.

Kasoro yake kubwa kwa mtu anayechagua: haujasimama peke yake. Kwenye albamu umebanwa katikati ya "Tenement Funster" na "Lily of the Valley" bila nafasi ya kupumua, na ukiukata kutoka hapo unaanza kama mtu aliyeingia mlangoni akiwa katikati ya sentensi. Ukiusikiliza, sikiliza zote tatu. Jumla hazifiki dakika nane. Anayetaka ushahidi kwamba unaweza kusimama peke yake autafute kwenye rekodi za ukumbi wa Rainbow, London, za Novemba 1974, zilizotolewa rasmi mwaka 2014. Pale waliupiga peke yake, na kwa ukali unaozidi wa studio.

"I'm Going Slightly Mad": mtani kwenye msiba wake

Huu ndio ninaoupa kura, na si kwa sababu ni bora kimuziki. Kimuziki wa 1975 unauzidi.

Ulirekodiwa kwa ajili ya Innuendo, iliyotoka Februari 1991, ukatoka peke yake mwezi uliofuata na kuishia nafasi ya 22 Uingereza. Wakati huo bendi ilikuwa imekwisha acha kutenganisha majina ya watunzi, kila wimbo uliandikwa kuwa wa Queen wote, lakini maneno ni ya Mercury. Rafiki yake Peter Straker, mwimbaji na mwigizaji, alimsaidia: walikaa wakirushiana misemo ya kumwelezea mtu aliyepungukiwa akili, kwa mtindo wa Noël Coward, yule Mwingereza wa tamthilia na nyimbo za kejeli za kiungwana.

Anayekwama kwenye Kiingereza asihangaike na neno kwa neno. Kila mstari ni msemo wa jamii ya "nati zimelegea", "fyuzi imekatika", "hamnazo". Karata zimepungua moja, anafuma kwa sindano moja, gari limebaki na magurudumu matatu. Wengine ni wa kubuni tu: anajiona mgomba. Msikilizaji wa Bukoba au Moshi asishangae sana hapo, kwa kuwa kwake mgomba ni mali na heshima. Kwa Mwingereza ni kitu cha mbali na cha kipuuzi, na ndipo kicheko kilipo.

Kisha kuna kile ambacho hakikutajwa. Mercury alikuwa akiishi na UKIMWI na dunia ilikuwa haijaambiwa. Tangazo lilitoka tarehe 23 Novemba 1991, na kesho yake alifariki. Video ya wimbo huu ilipigwa Februari mwaka huo na Rudi Dolezal na Hannes Rossacher, kwa rangi nyeusi na nyeupe. Mercury amevaa wigi, poda nzito usoni, glavu nyeupe, viatu vyenye ncha ndefu, na suti iliyoongezewa nguo ndani ili kuficha alivyokonda. Wenzake wanacheza kama watoto: May ni pengwini, Taylor ana birika kichwani na anaendesha baiskeli ya magurudumu matatu, Deacon amevaa kama mchekeshaji wa mfalme, na kuna mtu ndani ya ngozi ya sokwe. Mercury mwenyewe anabeba kichana cha ndizi kichwani.

Kwetu mtani ana ruhusa ya kuja msibani na kumwigiza marehemu, akalala chini, akadai deni lake, watu wakacheka machozi yakiwatoka. Hapa mtani na marehemu mtarajiwa ni mtu mmoja. Kwenye "Death on Two Legs" kicheko kinahitaji adui, na ukishamjua adui ni nani na waligombania nini, kinapungua kidogo: pauni 4,000, piano, fimbo za dramu. Kwenye huu, kadiri unavyojua zaidi ndivyo kicheko kinavyozidi kuwa kizito.

Matoleo hayakusumbui. Queen hawakuupiga jukwaani wakiwa na Mercury. Tamasha lao la mwisho pamoja naye lilikuwa Knebworth, Uingereza, 9 Agosti 1986. Upo wa studio, dakika 4 na sekunde 22, uleule unaopatikana pia kwenye Greatest Hits II ya Oktoba 1991. Uamuzi pekee ni uusikie kwanza au uitazame video kwanza. Usikie kwanza. Video inakupa jibu kabla hujajiuliza swali.

Kwa bendi inayotaka kuupiga

Hapa mpangilio wa ugumu unapinduka. "Death on Two Legs" unaogopesha lakini watu wanne wanautosha, kama Queen wenyewe walivyofanya, mradi watatu waweze kuitikia kwa sauti tofauti. Fanyeni kama wao: acheni mwanzo wa kelele, anzieni kwenye piano. Kinachoharibika mara nyingi ni mwendo. Piano inaanza peke yake, mpigaji ana hasira ya wimbo, anakimbia, na dramu ikiingia inakuta kasi isiyoimbika. Mpiga dramu ahesabu kwa mkono tangu noti ya kwanza ya piano. La pili ni vituo: wimbo umejaa sehemu ambapo wote wananyamaza kwa pigo moja, na mwangwi uliowekwa mrefu kwenye maikrofoni hujaza ukimya huo na kuua kishindo. Punguzeni mwangwi kuliko mnavyozoea. Tatu, usiwekwe wa kwanza kwenye orodha, hata kama albamu inaanza nao. Koo baridi haliwezi ukali huu, na mwimbaji atalipia nyimbo zote zinazofuata.

"I'm Going Slightly Mad" una mapigo ya taratibu na kinanda cha kutandaza sauti. Mpigaji wa wastani ataukamata kwa jioni mbili. Mtego uko kwenye sauti. Beti zinaimbwa chini sana, karibu na kuongea, na mwimbaji wa sauti ya juu atapotea. Mnaweza kupandisha ufunguo nusu toni mbili au tatu; zaidi ya hapo kiza chake kinageuka kuwa wimbo wa watoto. Na mwimbaji asichekeshe. Akikodoa macho na kutoa ulimi, hadhira itacheka mstari wa kwanza na kuchoka kufikia wa tatu. Uso uwe mkavu kama wa karani wa mahakama, maneno yafanye kazi.

"Flick of the Wrist" unadai waimbaji wawili wa kuongoza, mmoja juu na mmoja chini, wanaotamka pamoja hata pumzi. Bila hao wawili uacheni.

Na hadhira je? Ule wa 1975 una mstari unaomwambia mlengwa kwamba kujiua lingekuwa jambo la busara. Usiupige shuleni, wala kwenye shughuli ambayo hujui nani amefiwa na nani namna gani. Wa 1991 hauna tusi hata moja, lakini katika nyumba inayouguza mgonjwa wa akili mizaha yake inaweza kuchoma, basi pima. Wa 1974 una lugha ya ukali iliyofichwa kiasi kwamba wengi hawataigundua.

Ukiamua kuzisikia zote kwa mkupuo, zipange hivi: "Tenement Funster", "Flick of the Wrist" na "Lily of the Valley" bila kukata, kisha "Death on Two Legs" ya studio pamoja na "Lazing on a Sunday Afternoon", mwisho "I'm Going Slightly Mad". Ni kama dakika 17. Zima ile hali ya simu ya kuchanganya nyimbo, na ile ya kuyeyusha mwisho wa wimbo mmoja ndani ya mwingine, maana mikato ya ghafla kati ya nyimbo hizi iliwekwa kwa makusudi.